Bolti tatu zimekatika mkononi mwa fundi asubuhi moja. Kabla hamjasema "feki", someni zilivyovunjika

Mkerezaji · #1

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mkerezaji, karakana yangu ipo Gerezani, Dar. Leo nimeletewa bolti tatu zilizokatika, zote M16 (unene wa milimita 16), kichwani zimeandikwa 8.8. Zilikuwa zinashika nyumba ya beringi kwenye mashine ya kusaga kokoto. Hazikukatika mashine ikiwa kazini. Zimekatika fundi akizikaza, moja baada ya nyingine, na chai ya asubuhi hata hajanywa. Mwenye mashine kanijia na hasira zake: "Nimeuziwa feki. Nikerezee nyingine kwa chuma cha ekseli ya lori, kile kigumu kweli kweli."

Nikamwambia aniachie vipande, arudi kesho.

Nimevisafisha kwa petroli na mswaki, nikavikausha, nikavitazama kwa lenzi. Zote tatu zimekatika usawa wa jino la kwanza au la pili kutoka kwenye nati. Kata imenyooka kama ya msumeno, haina mteremko. Rangi ya kijivu, inateleza ukipitisha ukucha. Ukigeuzageuza kwenye mwanga unaona vimistari vyembamba vimejizungusha, kama maji yanavyozunguka yakiingia kwenye tundu la sinki. Pale katikati kimebaki kidoa kama punje ya mtama, kimekwaruzika, ndipo palipoachia mwisho. Na meno ya jirani yamejivuta: ukiweka geji ya meno haikai tena.

Sasa nina bolti nyingine kwenye droo, niliitunza miaka mingi. Hiyo ilivutwa moja kwa moja na winchi mpaka ikakatika. Imefanya shingo kama chupa. Kipande kimoja kina shimo kama kikombe, cha pili kina kichwa kama koni, ukivirudisha vinaingiana. Katikati ya kikombe pamechakaa kama sponji, ukingo umepanda mshazari kama digrii 45 na unang'aa.

Chuma kilekile cha kunyumbulika, sura mbili tofauti kabisa. Mimi naona zile tatu zimenyongwa, hazikuvutwa tu. Nguvu yote ya mkono wa fundi imeingia kwenye bolti na kuisokota. Mnasemaje?

chuma_ulete · #2

Naweka kiti cha mbele. Uzi wa nondo huu, kwa maana zote mbili.

FundiLori · #3

Mkuu usitake kutuchosha. Nina miaka 22 kwenye malori. Bolti nzuri haikatiki kwenye kukaza. Siku hizi 8.8 wanaigonga muhuri hata kwenye chuma cha geti. Mimi nina bomba langu la mita moja na nusu, nimelirithi kwa marehemu mzee, naliingiza kwenye spana na kukaza chochote. Zile za zamani hazikatiki. Hizi za sasa zinakatika. Hesabu imeisha.

Nyundo254 · #4

Niko na FundiLori hapa. Huku Kariobangi, Nairobi, tunaziona kila wiki. Lakini hiyo ya mistari ya kuzunguka nimeiona pia, na sikuwahi jua inamaanisha nini. Endelea boss.

Bi_Vipimo · #5

Mkerezaji, umetazama vizuri kuliko wahandisi wengi. Nafundisha masuala ya vyuma chuoni, naomba nikusahihishe sehemu moja halafu nikuunge mkono kwa nyingine.

Si nguvu yote ya mkono inayoingia kwenye bolti. Karibu nusu inaliwa na msuguano chini ya uso wa nati. Sehemu kubwa ya inayobaki inaliwa na msuguano kwenye meno, na kama sehemu moja tu kwa kumi ndiyo inayofanya kazi uliyoitaka, yaani kuivuta bolti ibane. Ile ya kwenye meno ndiyo inayoisokota. Kwa hiyo bolti inayokazwa ipo kwenye hali mbili kwa wakati mmoja: inavutwa kwa urefu, na inasokotwa, yaani kila tabaka la chuma linataka kuteleza juu ya jirani yake kama karata mkononi. Huko kuteleza tuuite mkato.

Tuweke namba kwenye hiyo M16 ya 8.8. Ile 8 ya mwanzo ni megapaskali 800 (nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba), mkazo ambao chuma hiki kinatakiwa kuufikia kabla ya kukatika. Ile .8 ni asilimia 80 yake, megapaskali 640, ndipo kinapoanza kunyumbuka bila kurudi. Eneo la kubeba la M16 ni milimita za mraba 157. Ukiivuta tu bila kuizungusha, inaanza kunyumbuka kwenye tani 10 hivi.

Sasa ikaze kwa nati. Meno yakiwa safi na yana mafuta kidogo (msuguano wa 0.12), inaanza kunyumbuka ikiwa imebana tani 8 na nusu tu. Tani moja na nusu imekwenda kwenye kusokotwa. Meno yakiwa na kutu, msuguano ukapanda hadi 0.25, inaanza kunyumbuka ikiwa imebana tani 6 na nusu. Hapo msokoto unachangia zaidi kuliko mvuto kwenye ngozi ya nje ya bolti. Mkerezaji, hizo bolti zilikuwa na kutu?

Mkerezaji · #6

Mashine ilikaa nje masika mbili. Unaweza kuotesha bustani kwenye hayo meno. Na asante kwa kunisahihisha, hiyo ya nusu kuliwa chini ya nati sikuijua.

Bi_Vipimo · #7

Basi tuone huyo fundi alihitaji nguvu gani. Kwa meno ya kutu, kuifikisha kwenye kunyumbuka ni kama nyutoni-mita 320. Mwisho wa bomba la mita moja hiyo ni kilo 32 au 33. Mtu akiegemea tu amefika. Kwa bomba la mita moja na nusu, kilo 22. Ndoo ya maji, kaka FundiLori.

FundiLori · #8

Hapo kwenye ndoo umenigusa dada. Lakini kunyumbuka siyo kukatika. Chuma laini kinatakiwa kivutike kwanza, kikuonye. Hizi zimekatika ghafla.

Bi_Vipimo · #9

Swali lako ndilo lililowaumiza vichwa watu wa fani hii kwa miaka karibu arobaini, kwa hiyo nivumilie, jibu ni refu.

Chuma tunachokiona kimeshikana kina taka ndani yake. Chembe za manganizi salfaidi, za oksaidi, za kabaidi, ndogo kuliko jicho linavyoona. Chuma kikinyumbuka, chembe hainyumbuki nacho. Inavunjika au inabanduka, na pembeni yake panafunguka kijitundu. Kukatika kwa chuma cha namna hii ni hadithi ya vijitundu hivyo: vinazaliwa, vinakua, vinaungana.

Ukivuta, fikiria donge la chapati lenye mapovu ya hewa. Mapovu yananenepa, kuta kati yao zinakonda, kila ukuta unafanya shingo yake ndogo, unakatika. Ndiyo maana katikati ya kikombe cha Mkerezaji pana sponji. Na kadiri chuma kinavyovutwa pande zote tatu kwa pamoja, mapovu yanakua haraka zaidi. Kuna kipimo cha hilo, traiaksialiti: unachukua wastani wa mivuto ya pande tatu, unaugawa kwa mkazo unaokibadilisha chuma umbo. Fimbo inayovutwa kabla ya kufanya shingo ina theluthi moja. Kusokotwa kutupu ni 0. Kugandamizwa ni hasi theluthi moja. Ndani ya shingo au chini ya mkwaruzo mkali kinaweza kupita 1.

Mwaka 1969 Rice na Tracey walionyesha kwa hesabu kwamba ukuaji wa kijitundu unapanda kwa kasi ya kutisha kipimo hicho kikiongezeka. Ukitoka theluthi moja hadi 2, kwa kunyumbuka kulekule, kijitundu kinakua kwa kasi mara 12 hivi. Mwaka 1977 Gurson akaandika kanuni za chuma chenye vitundu ambazo hadi leo zinatumika kwenye kompyuta, na mwaka 1985 Johnson na Cook wakatoa fomula ambayo viwanda vimeishi nayo: traiaksialiti ikipanda, chuma kinakatika mapema, ikishuka, kinavumilia.

Sasa tazama bolti zetu. Ya meno safi, kwenye ngozi ya nje, ina 0.28 hivi. Ya kutu, 0.21 (hapo sijahesabu makali ya shina la jino, ambayo yanaibadilisha hali pale pale yalipo). Yaani kutu imeishusha traiaksialiti. Kwa fomula ya zamani, bolti ya kutu ingetakiwa ivumilie zaidi kabla ya kukatika. Na kwa kanuni ya Gurson ilivyokuwa mwanzo, kwenye mkato mtupu vijitundu havikui kabisa. Ukiifuata neno kwa neno, chuma kinachosokotwa hakiharibiki milele.

Na mnajua wenyewe kinakatika.

chuma_ulete · #10

Yaani hesabu ilikuwa inasema bolti haifi, na bolti imeshakufa 😂

Nyundo254 · #11

Sasa vitundu visipokua, nini kinaikata?

Bi_Vipimo · #12

Vinalala, Nyundo.

Chukua lile donge la chapati, liweke kati ya viganja, telezesha kiganja kimoja mbele. Mapovu hayanenepi. Yanalala, yanarefuka kuelekea unakosukuma, yanazunguka, yanakuwa vifuko bapa. Yangejifunga kabisa, lakini ile chembe ngumu imebaki ndani kama jiwe kwenye ndara, inazuia. Ujazo wa tundu haujaongezeka, ila tundu lililolala limechukua upana mkubwa wa njia ya mkato. Kilichobaki kati ya tundu na tundu ni vijidaraja vyembamba, navyo vinateleza na kukatika vyote kwenye utepe mmoja mwembamba. Utepe huo ukishalegea, kunyumbuka kote kunakimbilia hapo. Chuma cha jirani kinaacha kunyumbuka. Ndiyo maana FundiLori anaona "ghafla". Imenyumbuka sana, lakini kwenye utepe mwembamba mno usioonekana. Shingo haipo ya kukuonya.

Kwenye hadubini ya elektroni tofauti inaonekana wazi. Kata ya mvuto ina vibonyeo vya duara, virefu kwenda chini. Kata ya mkato ina vibonyeo vidogo, bapa, vyenye umbo la kucha, vimelala upande mmoja kama magamba ya samaki. Uso wa pili wa kata umelala upande wa kinyume. Hiyo mistari ya sinki ya Mkerezaji ni njia ambayo magamba hayo yalilaliana.

Waliolipima hili vizuri kwa chuma cha pua-pua, samahani, chuma cha miundo, ni Barsoum na Faleskog wa chuo kikuu cha KTH, Stockholm, mwaka 2007. Walikereza bomba nene lenye mfereji ndani na nje pale katikati (Mkerezaji ungeipenda kazi hiyo), halafu wakalivuta na kulisokota kwa pamoja, wakibadilisha uwiano wa viwili hivyo. Walitumia vyuma viwili, Weldox 420 na Weldox 960 (cha pili kina nguvu zaidi). Uwiano ukiwa upande wa mvuto, kata ilikuwa na vibonyeo vikubwa, kuta zimefanya shingo. Wakisogea upande wa msokoto, mambo yaligeuka: magamba yaliyolala. Ni namna mbili za kufa, na kati yake kuna mpaka ambapo moja inaipokea nyingine.

Kabla yao, mwaka 2004, Bao na Wierzbicki wa chuo cha MIT, Marekani, walikuwa wamejaribu aluminiamu ya ndege, 2024-T351, kwa maumbo mengi ya vipande. Wakakuta kwamba kwenye mkato mtupu ilikatika ikiwa imenyumbuka kidogo kuliko ilipovutwa. Mchoro wao haukuteremka tu kama wa Johnson na Cook. Ulipanda kwanza kutoka kwenye mkato kuelekea kwenye mvuto, ukafika kilele, ndipo ukateremka. Bonde lipo pale ambapo watu walidhani ni salama.

Mwaka 2008 Nahshon na Hutchinson wakaiongezea kanuni ya Gurson kipande kinachohesabu uharibifu wa mkato hata kama ujazo wa tundu haukui. Nawapendea hilo: walikubali kwamba "kukua kwa tundu" kwenye fomula yao sasa ni jina tu la uharibifu.

Mkerezaji · #13

Bi Vipimo hapo kwenye "chuma cha pua-pua" nimecheka. Swali: mbona basi chaki ukiisokota haikatiki hivi? Inakatika mshazari, kama ngazi ya mnara.

Bi_Vipimo · #14

Swali zuri, na kila mtu alijaribu shuleni mwalimu akiwa hayupo. Ukisokota fimbo, kwenye digrii 45 ndani yake kuna mvuto. Chaki ni dhaifu kwa mvuto, haina kunyumbuka, inafunguka hapo hapo, kwa hiyo unapata mzunguko wa ngazi. Chuma laini ni dhaifu zaidi kwa kuteleza kuliko kwa kufunguka, kwa hiyo kinateleza kwenye duara lililonyooka. Sokota waya wa shaba mpaka ukatike, utaona kata imenyooka. Ukikuta bolti iliyosokotwa imekatika mshazari wa ngazi, hapo ndipo wasiwasi wa FundiLori una haki: chuma hicho kimegeuka chaki.

FundiLori · #15

Kwa hiyo zile tatu hazikuwa feki?

Mkerezaji · #16

Kata inasema zilikuwa na uwezo wa kunyumbuka, mkuu. Kama ni 8.8 kamili hilo kata pekee haiwezi kuniambia.

Bi_Vipimo · #17

Hasa. Nguvu yake inapimwa kwa kuvuta. Kama zimebaki nyingine za pakiti ileile, nitumie moja kwa boda, mashine ya chuo haina kazi Alhamisi.

Nyongeza kwa wanaopenda undani: traiaksialiti peke yake haitoshi. Hali mbili zinaweza kuwa na kipimo hicho sawa, lakini mvuto wa katikati, kati ya mkubwa na mdogo, umekaa sehemu tofauti. Kwenye fimbo inayovutwa, wa katikati umelingana na mdogo. Kwenye msokoto, umekaa katikati kabisa. Kipimo cha hilo kinaitwa kwa jina la Lode, Mjerumani aliyelishughulikia miaka ya 1920, na vijitundu vinakitii kwelikweli: vikiwa na nafasi ya kuteleza upande mmoja, vinalala, vikibanwa sawa pande mbili, vinabaki duara. Na si kila chuma kina bonde la Bao na Wierzbicki. Vingine mchoro wake umenyooka tu. Hapo inabidi upime chako.

Mswahili_Maskati · #18

Salaam kutoka Maskati. Sisi huku kwenye mabomba ya mafuta tulishaepuka huo msokoto. Flenji kubwa hazikazwi kwa spana. Kuna kifaa cha haidroliki kinashika ncha ya bolti, kinaivuta wima hadi kiwango chake, wewe unateremsha nati kwa mkono mpaka igote, unaachia presha. Bolti imebana haijasokotwa hata chembe. Nilidhani ni kwa ajili ya kubana sawasawa pande zote tu. Kumbe na hili limo.

Bi_Vipimo · #19

Ahsante, mfano safi. Ukiachia presha inarudi kidogo, kwa hiyo wanaivuta zaidi ya lengo. Lakini ndiyo, ni mvuto bila mkato.

Nyundo254 · #20

Na bolti ikipona wakati wa kukaza, itapona kazini?

Bi_Vipimo · #21

Kwa upande huu, mara nyingi ndiyo. Ukitoa spana, sehemu ya msokoto inajilegeza na bolti inabaki na mvuto zaidi. Wakati mgumu kuliko yote kwake ni pale mkono wako ulipo juu ya bomba. Bolti inayokatika wiki tatu baadaye barabarani mara nyingi ni ugonjwa mwingine, uchovu wa chuma kinachotikiswa mara nyingi, na chanzo chake ni kutobana vya kutosha. Utakuta alama za mawimbi kama ufukweni maji yakipwa. Msizichanganye.

FundiLori · #22

Basi nipake grisi kila bolti nikaze kama kawaida.

Mkerezaji · #23

Hapana mkuu, hapo utaua nyingine! Ukiondoa msuguano halafu ukakaza kwa nguvu ileile ya bolti kavu, ile nguvu iliyokuwa inaliwa inakwenda kwenye kuvuta. Utaikata kwa mlango wa pili, safari hii na shingo. Fuata kitabu cha mashine: kama namba ni ya kavu, kaza kavu na safi. Za tairi ndiyo kabisa usibuni.

Bi_Vipimo · #24

👏 Sina cha kuongeza.

Mkerezaji · #25

Mrejesho, siku nane baadaye. Bolti ya pakiti ileile, mpya, imevutwa chuoni kwa Bi Vipimo. Imepita megapaskali 800 ndipo ikakatika, na shingo yake, na kikombe chake. Nimemwonyesha mwenye mashine vyote viwili mezani, kikombe huku, sinki huku. Amevigusa kwa kidole kwa muda mrefu bila kusema.

Hatukukereza ekseli. Tumepitisha tapu (chombo cha kukata meno ya ndani) kwenye nati za nyumba ya beringi, kutu imetoka kama ugoro, tukaweka bolti mpya za 8.8 na mafuta mepesi, tukakaza kwa spana ya kupimia, nyutoni-mita 200, kwa hatua tatu. Mashine inasaga.

FundiLori · #26

Nimekubali. Lakini bomba la mzee silitupi.

Mkerezaji · #27

Usilitupe. Lilete Gerezani nilikate vipande vitatu, bure.